Crysis ilitimiza ahadi gani?

Vijana wanaonijia na maswali ya kompyuta za gemu huwa na swali moja, ingawa kila mmoja hulivisha maneno yake. Gemu fulani ya risasi inatoka miezi michache ijayo. Trela yake imewarusha roho, na orodha ya mahitaji yake inataka kadi ya picha ambayo bei yake inakula mishahara ya miezi kadhaa. Je, ikitoka itafanana na sifa zake? Je, inafaa mtu ajikamue? Mimi huwajibu kwa kuwasimulia Crysis, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kupima ahadi za namna hii. Ile gemu ilitimiza ahadi, lakini si ile iliyotangazwa kwa sauti kubwa zaidi.

Crysis ilitoka Novemba 2007. Walioitengeneza ni Crytek, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 mjini Coburg, Ujerumani, na ndugu watatu wenye asili ya Kituruki: Cevat, Avni na Faruk Yerli. Walikuwa wameshajijengea jina kwa Far Cry ya mwaka 2004, gemu iliyomtoa mchezaji kwenye vichochoro vya giza vilivyokuwa desturi ya gemu za risasi na kumweka kwenye visiwa vya jua, ambako adui aliye ng'ambo ya ghuba alionekana kwa macho na unaweza kumfuata kwa njia unayoitaka. Kwa hiyo Crytek waliposema wanakuja na kisiwa kingine, chenye msitu mzito zaidi na mwanga wa kweli zaidi, watu waliwaamini. Walikuwa na sababu ya kuamini.

Sisi wa Dar es Salaam sifa hizo zilitufikia kwa kuchelewa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya mitaani ilikuwa ya kunyatia; video ya dakika chache ulianza kuipakua jioni ukaikuta asubuhi, kama umeme haukukatika. Aliyebahatika kupata video hizo alizihifadhi kwenye flashi, na flashi ilizunguka mtaa mzima. Ndivyo nilivyoziona. Zilionyesha majani yanayoachia njia mtu akipita, minazi inayokatika risasi zinapogonga shina, na jua lililopenya katikati ya matawi hadi miale yake ikahesabika. Tulikuwa tunabishana kama ni picha ya kamera au ya kompyuta. Nakumbuka ubishi huo uliishia kwa wote kukubaliana kwamba, ikiwa ni ya kompyuta, hatuijui kompyuta yenyewe.

Nayo kweli haikuwa mtaani kwetu. Kiwango cha chini kilitaka prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 2.8 na kadi ya GeForce 6800 GT. Kiwango kilichopendekezwa kilitaka Core 2 Duo, gigabaiti 2 za RAM na kadi ya GeForce 8800 GTS. Na hata ukivifikia vyote hivyo, setingi za juu kabisa hazikukubali kwenda kwa wepesi. Mojawapo ya kadi kubwa kabisa za wakati ule, GeForce 8800 GTX, iliingia sokoni Novemba 2006 kwa dola 599, nayo ilihema mbele ya Crysis. Duniani kote watu walianza kuipima kompyuta mpya kwa swali moja: itaweza kuendesha Crysis? Swali hilo lilidumu miaka mingi baada ya gemu yenyewe kuzeeka.

Mimi nilikuwa nimeunganisha kompyuta ya mezani kidogo kidogo, vipande vingine vipya, vingi vya mtumba, yenye Core 2 Duo na skrini nzito ya kioo ya kizamani. Kilichokosekana ni kadi. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Sharjah, karibu na likizo yake nikamwandikia jina la 8800. Alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kadi uliyoniandikia nimeiona dukani. Bei yake ni karo ya mdogo wako ya mwaka mzima. Sasa nikuletee hiyo, au nikuletee ile ya chini yake na karo ilipwe?"

"Ya chini yake, mjomba. Karo ilipwe."

"Basi vizuri. Na gemu yenyewe nimekununulia diski halali, si ya kunakili."

Akaja na GeForce 8600 GT. Ilikuwa kadi ya wastani, ya familia ileile lakini yenye nguvu ndogo sana ukiilinganisha na kaka zake. Ndiyo niliyochezea Crysis kwa mara ya kwanza, setingi za kati, nyingine za chini, picha ya nukta 1024 kwa 768.

Gemu inaanza usiku. Kikosi cha Marekani kinarushwa kwa miavuli juu ya visiwa vya Lingshan, visiwa vya kubuni katika bahari ya mashariki ya Ufilipino, mwaka 2020. Wewe ni askari aitwaye Nomad, mwavuli wako unaharibika, unaangukia baharini, unaogelea hadi ufukweni na kupanda mlima gizani ukiwatafuta wenzako. Kisha kunapambazuka. Unafika ukingoni mwa jabali, jua linachomoza, na ghuba nzima inafunguka chini yako: maji, mchanga, msitu, moshi wa kambi ya askari wa Korea Kaskazini. Hata kwa setingi zangu za kati, watu waliokuwa chumbani walinyamaza. Ahadi ya picha ilikuwa kweli. Yeyote asemaye Crysis ilipewa sifa za bure kuhusu sura yake hakuiona wakati wake.

Lakini sura ilitushika jioni ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili, vijana walipokuja kujazana nyuma ya kiti changu, hakuna aliyezungumzia majani. Walizungumzia mipango.

Chukua kijiji kimoja cha wavuvi kwenye sehemu za mwanzo. Kuna vibanda vya mabati, kizuizi barabarani, gari lenye bunduki kubwa juu yake, boti inayopiga doria. Nomad amevaa suti yenye nguvu nne: ya kukaza mwili risasi zisiingie, ya kuongeza nguvu za mikono na miguu, ya kuongeza mbio, na ya kukufanya usionekane. Zote nne zinakula kwenye mfuko mmoja wa nishati, unaoisha kwa sekunde chache na kujijaza polepole. Nishati hiyo ni kama pesa ya matumizi ya siku: uliyoitoa kwenye mbio haipo tena kwenye kinga. Ukijificha na kutulia, inadumu. Ukijificha huku unakimbia, inayeyuka. Ukipiga risasi ukiwa umejificha, inatoka yote papo hapo na unabaki uchi mbele ya adui.

Mmoja wetu alitaka tuingie kwa baharini, tuogelee chini ya boti na kutokea nyuma ya vibanda. Mwingine alishikilia kwamba kilima ndicho mahali pa kuanzia: fungia bunduki darubini na kizuia sauti, toa mlinzi mmoja mmoja. Wa tatu, aliyekuwa dereva wa daladala, alisema hayo yote ni kupoteza muda. Gari la adui lipo barabarani, lichukuliwe, tuingie nalo hadi katikati ya kijiji. Tulijaribu kila mpango, na kila mpango ulikubali. Gari lilipogonga kibanda, kibanda kiliporomoka kweli, mabati yakamwangukia aliyekuwa ndani. Tulipopiga miti, mti uliangukia upande ambao hatukuutarajia na kuziba njia. Tuliruka juu ya paa kwa nguvu za suti, tukamkaba askari shingoni na kumrusha. Hata kuku wa kijijini ungeweza kumkamata na kumtupa. Na adui hakukaa kusubiri kufa: alisambaa, alifyatua fataki kuita wenzake, alizunguka vichaka tulimoonekana mara ya mwisho.

Ukicheza kwa ugumu wa juu kabisa, uitwao Delta, askari wale huacha kuongea Kiingereza na kuongea Kikorea. Jambo hilo dogo lilinifundisha mengi kuhusu utengenezaji wa gemu. Katika ngazi za chini, unawasikia wakisema wamekuona au wanakuzunguka, nawe unajipanga. Katika Delta unasikia sauti tu. Ugumu haukuletwa kwa kumwongezea adui damu. Uliletwa kwa kumpunguzia mchezaji habari. Na wala haukuhitaji kadi ya dola 599.

Basi tuliishi katika theluthi mbili za kwanza za gemu kwa muda mrefu kuliko tulivyohitaji. Tulirudia vijiji tulivyokwisha kuviteka ili kuona mpango wa mwenzetu ungekwendaje.

Kisha mlima unapasuka. Ndani yake mna chombo cha viumbe wa nje ya dunia, nawe unaingia humo ukielea bila uzito, juu na chini havitambuliki, njia ni moja na inajikunjakunja. Ukitoka, sehemu kubwa ya kisiwa imegandishwa barafu: minazi imevaa theluji, askari wamesimama wamekuwa sanamu. Hapa ndipo watengenezaji walipomwaga ufundi wao wote wa picha, na hapa ndipo mashine yangu ilipoanza kusita, fremu zikija moja baada ya nyingine kwa kujivuta. Lakini mipango ilikoma. Unamfuata kamanda wako, Prophet, ambaye suti yake imeharibika na anahitaji joto kila baada ya hatua chache. Unarusha ndege kwenye dhoruba kwa mwendo mzito. Unamalizia juu ya meli ya kubeba ndege za kivita, ukimlenga kiumbe mkubwa hadi afe, halafu kiumbe mkubwa zaidi, na hadithi inakatika kabla haijaisha. Nyuma ya kiti changu watu walipungua. Dereva wa daladala aliniambia, "Kaka, hapa hamna la kushauri." Sijasoma uhakiki wa Crysis uliosema jambo hilo kwa usahihi kuliko yeye.

Ningependa nisieleweke kwamba picha ni kitu cha bure. Ndani ya Crysis kuna uzito wa aina mbili, na kutenganisha aina hizo ndiyo faida kubwa niliyoipata kwa gemu hii. Uzito wa kwanza unageuka kuwa mchezo. Umbali wa kuona ni wa aina hiyo: bila ya kompyuta kuchora kilima, ghuba na kijiji kwa pamoja, huwezi kukaa kilimani ukapanga. Msitu mzito ni wa aina hiyo, kwa sababu ndani yake ndimo unamojificha. Vibanda vinavyobomoka na miti inayokatika ni vya aina hiyo pia. Uzito wa pili ni wa kutazamwa: ukungu wa mwendo, mng'ao wa maji, ulaini wa kivuli, ngozi inayopitisha mwanga. Huo unapendeza, na nawaheshimu waliouumba. Humo ndimo ilimozaliwa mbinu ya kukadiria giza la kona na mapengo kwa kutumia kina cha picha iliyokwisha kuchorwa kwenye skrini, badala ya kupiga hesabu ya eneo zima. Mbinu hiyo ya Crytek ilienea kwenye gemu nyingi zilizofuata, na dunia ya michoro inawadai shukrani. Hata hivyo, nilipoishusha setingi ya vivuli, hakuna mpango hata mmoja uliokufa. Kijiji kilibaki na njia zake zote.

Aina ya kwanza ndiyo iliyoelekea kuchosha prosesa, na hapo pana somo jingine. Crysis ilijengwa katika miaka ambayo watengenezaji wa gemu walizoea kuona mwendo wa prosesa ukipanda kila mwaka. Lakini mwaka 2004 Intel ilikuwa imeshaufuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa sababu joto na umeme vilikuwa vimezidi, na badala ya kiini kimoja chenye mbio zaidi, viwanda viligeukia viini vingi vinavyogawana kazi. Crysis iliegemea mno kiini kimoja au viwili. Ndiyo maana hata kwenye prosesa za miaka mingi baadaye, zenye viini vinane na zaidi, kijiji kikilipuka fremu hushuka. Waliijenga kwa ajili ya kompyuta ya kesho, na Cevat Yerli alisema wazi kwamba setingi za juu zilikusudiwa mashine zijazo. Ila kesho iliyokuja ilikuwa na umbo jingine.

Kwa mcheza gemu za risasi, fremu si jambo la urembo. Fremu 60 kwa sekunde maana yake ni kwamba mkono ukisogeza mausi, jicho linaona matokeo karibu mara moja. Fremu 20 maana yake ni kwamba unalenga mahali ambapo adui alikuwapo. Ndiyo sababu nilipendelea setingi za chini zinazokwenda kwa wepesi kuliko za juu zinazokwama. Aliyenunua kadi ghali akacheza kwa setingi za juu kwa kukwamakwama alipata picha nzuri zaidi na mchezo mbaya zaidi kuliko mimi.

Miaka ikapita, mashine zikashuka bei, nami nikaja kuicheza Crysis kila kitu kikiwa juu kabisa. Mapambazuko yale kwenye jabali yalinipendeza upya. Kijiji cha wavuvi kilikuwa kitamu vilevile, si zaidi. Kisiwa cha barafu kilikuwa kinachosha vilevile, si pungufu, ingawa sasa kilikwenda bila kusita. Septemba 2020 likatoka kwenye kompyuta toleo lililofanyiwa ukarabati, lenye mwanga mpya na setingi ya juu iliyopewa jina la lile swali maarufu la kama kompyuta yako itaiweza. Nililipitia pia. Hukumu haikubadilika popote. Vifaa vilibadilika mara kadhaa, utamu ukabaki palepale ulipokuwa mwanzo, na uchovu ukabaki palepale.

Wahakiki wa wakati ule waliipokea vizuri mno. Wastani wa alama zake kwenye Metacritic ni 91 kwa 100. Haukuwa mwaka wa kukosa ushindani: 2007 ndiyo iliyotoa BioShock, Portal na Call of Duty 4, na gemu zote hizo ziliendeshwa na kompyuta za kawaida zaidi. Portal ilikuwa na vyumba vya kuta tupu na bado watu wanaizungumzia kwa upendo. Crytek wenyewe walijifunza kwa njia yao. Crysis 2 ya mwaka 2011 ilihamia New York na kutoka pia kwenye mashine za sebuleni, ikiwa nyepesi zaidi, nadhifu zaidi, na yenye uwanja mwembamba zaidi. Wapenzi wengi wa ile ya kwanza walinung'unikia michoro yake. Mimi nilisikitikia kijiji: mahali pa kukaa juu, kutazama, na kubishana na wenzako mtaingilia wapi.

Kwa hiyo kijana anaponiletea trela ya gemu mpya, namwambia mambo matatu. Kwanza, usitazame kinachoonyeshwa. Tazama mchezaji anachofanya. Ikiwa dakika zote za trela zinaonyesha vitu vikimtokea mhusika, na hakuna pahali anapochagua, uzuri huo utakushibisha jioni moja. Pili, subiri. Kadi ya 8800 GT ilitangazwa mwishoni mwa Oktoba 2007, mwaka mmoja tu baada ya 8800 GTX, ikaja na nguvu zinazoikaribia kwa bei isiyofika nusu yake. Gemu nayo hurekebishwa na kushuka bei, na hakuna kijiji kinachohama kwa sababu umechelewa kufika. Tatu, ukishaipata, anza kwa kushusha vivuli na mapambo, acha umbali wa kuona na wepesi wa fremu. Cheza kwanza, tazama baadaye.

Na wale wanaotaka jibu fupi, jibu langu kuhusu Crysis ni hili: ndiyo, ilistahili sifa zake, kwa theluthi mbili za urefu wake, na sehemu hiyo ilichezeka kikamilifu kwenye kadi ya bei ya wastani. Sehemu iliyohitaji mashine ya kifahari zaidi ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi. Kabla hujatoa pesa ya karo kwa ajili ya kadi, kumbuka hilo, na ulipe karo.